Adabu ya Maneno Angani

Leo twataka kuwapeleka mahali ambapo wengi wetu hatujapata kuketi, napo ni katika chumba cha rubani, mbele ya redio yake. Huenda mama msomaji akauliza: redio ya ndege ina uhusiano gani na jarida la familia? Twamwomba atuvumilie kidogo, kwani safari yetu sisi wenyewe ilianzia jikoni, penye mbuzi ya kukunia nazi.

Jirani yetu mmoja hapa Mombasa ana binti anayesomea urubani jijini Nairobi. Idi iliyopita binti huyo alirejea nyumbani akiwa mnyonge, chakula hakimpiti kooni. Wazazi wake walipotuita tuzungumze naye, tulidhani ameshindwa na hesabu, au labda anaogopa kuruka. Haikuwa hivyo. Ndege aliimudu. Kilichomtia hofu ni redio.

"Maalim," alituambia, "nikishabonyeza kile kitufe, ulimi hunikauka. Najua kila aliye angani ananisikia."

Kisha akakiri jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mamake. Siku moja, akiwa angani na mwalimu wake, mnara wa kuongozea ndege ulimpa agizo, naye akalisikia nusu. Akaona haya kuuliza. Akajibu kwamba amesikia. Mwalimu wake akashika redio, akaomba agizo lirudiwe, na likawa silo lile alilolidhani. Walipotua, mwalimu hakumfokea. Alimwambia tu kuwa makosa yake ya mikono ya asubuhi ile yote yanatengenezeka, lakini kusema ndiyo kwa jambo usilolisikia ndiko kunakoua watu.

Neno hilo lilitukaa moyoni. Tukamwomba binti atufundishe hiyo redio yake, na tangu siku ile tumekuwa tukisoma habari zake. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mbele ya rubani pana kisanduku chenye madirisha mawili ya tarakimu. Dirisha la kwanza huonyesha masafa yanayotumika sasa, na la pili yale yanayongoja zamu yao. Rubani huzungusha kitasa mpaka aipate namba aliyopewa, kisha hubonyeza kitufe cha kubadilishana: yaliyokuwa yakingoja huanza kazi, na yaliyokuwa kazini hukaa kungoja. Hekima yake ni kwamba akihamia masafa mapya na asimpate mtu, hurejea alikotoka kwa mbonyezo mmoja tu. Mazungumzo ya kawaida ya ndege za abiria hupita kati ya megahezi 118 na 137, juu kidogo ya zile stesheni za FM tunazozisikiliza majumbani.

Mawimbi hayo huenda mbele moja kwa moja, kama jicho linavyotazama. Hayapindi sana kuufuata mviringo wa dunia. Ndege iliyo futi 10,000 juu yaweza kusikizana na kituo kilicho mbali kwa takriban kilomita 200, bali ikishuka chini masafa hayo hupungua mno. Ndiyo maana ndege iliyo katikati ya bahari kuu hutumia pia redio ya mawimbi mafupi, jamaa ya ile ambayo wazee wetu wakiizunguka jioni kusikiliza habari za London na Cairo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Redio hii si kama simu. Katika simu watu wawili waweza kusema kwa pamoja na wakasikizana nusunusu. Katika masafa ya ndege, mmoja akisema, wengine wote hawana budi kunyamaza. Wawili wakibonyeza vitufe vyao kwa wakati mmoja, wasikilizaji hupata mluzi na mkoromo, na maneno ya wote wawili huweza kupotea. Na kitufe cha mmoja wao kikikwama, masafa yote huzibwa na mtu ambaye pengine mwenyewe hana habari, kwa sababu maadamu redio yake iko katika kusema, haimsikilizishi kitu.

Kwa hivyo adabu ya kwanza ni kusikiliza kabla ya kusema. Rubani akiingia katika masafa mapya hutega sikio kwanza. Ikiwa mnara umemuuliza mwenzake swali, humngoja mwenzake ajibu. Wakati huo hupanga maneno yake kichwani, kisha hubonyeza, hutulia kidogo ili neno la kwanza lisikatwe, husema kwa sauti yake ya kawaida, na huachia kitufe. Maneno yenyewe yana mpango wake: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, wataka nini. Tulipoelezwa haya tulitabasamu, kwani hiyo ni hodi ya Kiswahili. Mgeni mwenye malezi hasukumi mlango. Hubisha, hungoja, hujitaja, kisha hueleza lililomleta.

Adabu ya pili ni kutamka kwa namna isiyochanganyika. Herufi zina majina yake, nayo ni yale yale duniani kote tangu 1956: A ni Alfa, B ni Bravo, C ni Charlie, mpaka Z ambayo ni Zulu. Ndege zilizosajiliwa Kenya huanza na 5Y, basi rubani wetu hujitaja "Faifu Yankee" kisha herufi tatu za ndege yake. Hata tarakimu zimefanyiwa marekebisho. Tisa ya Kiingereza hutamkwa "naina", isije ikadhaniwa ni tano penye kelele. Mtu akilisikia hilo kwa mara ya kwanza huona ni mzaha, bali tofauti ya tano na tisa yaweza kuwa ndiyo tofauti ya ndege mbili kupishana au kukutana.

Adabu ya tatu ndiyo iliyomkwaza binti yetu, nayo ni kurudisha agizo. Mnara ukimwambia rubani apande hadi futi kadhaa, ageukie upande fulani, aingie njia ya kurukia au asiingie, haitoshi kujibu "naam". Hulazimika kuyasema tena yale yale aliyoambiwa, kisha ataje jina la ndege yake. Na mwongozaji aliye mnarani hulazimika kuyasikiliza, akayalinganisha na yale aliyoyasema yeye, na akasahihisha papo hapo palipo na kosa. Wengi wetu tumelisikia neno "roja" katika filamu, tukadhani maana yake ni ndiyo, au nimekubali. Sivyo. Maana yake ni kwamba maneno yako yamenifikia, basi. Kukubali kutenda kuna neno lake mbali. Na asiyesikia vizuri ana maneno mawili tu ya kusema, yenye maana ya "sema tena". Hayana msamaha ndani yake, wala udhuru, wala aibu.

Huenda msomaji akaona mambo haya yametiwa ugumu usiohitajika. Basi na tumsimulie yaliyotokea katika kisiwa cha Tenerife, milki ya Uhispania, Jumapili ya tarehe 27 Machi 1977.

Siku hiyo bomu lililipuka katika uwanja wa ndege wa kisiwa jirani, na ndege nyingi zikaelekezwa Tenerife, kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos. Miongoni mwazo zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Ilipofika saa ya kuondoka, ukungu ulikuwa umeshuka. Mnara hauioni njia ya kurukia, na ndege haziuoni mnara, wala zenyewe kwa zenyewe hazionani. Sauti ya redio ndiyo iliyobaki kuwa macho ya wote.

Ndege ya KLM ilikuwa imeshageuka mwisho wa njia, tayari kupaa. Ile ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo, ikitafuta mahali pa kutokea. Mnara uliipa KLM maelezo ya njia itakayoifuata baada ya kupaa. Hicho hakikuwa kibali cha kupaa. Rubani msaidizi aliyarudisha maelezo, kisha akamalizia kwa maneno yasiyo bayana kwamba sasa wako katika kupaa. Je, alimaanisha wako mahali pa kupaa, au wameshaanza kupaa? Mwongozaji aliyafahamu kwa maana ya kwanza, akajibu "okei", kisha akaongeza kuwa wangoje. Nukta hiyo hiyo Pan Am nao walibonyeza kitufe kusema kwamba wao wangali juu ya njia. Sauti mbili zikagongana. Katika chumba cha marubani wa KLM liliingia lile "okei", na baada yake mlio mkali wa sekunde kadhaa uliomeza maneno ambayo yangewaokoa wote.

Palibaki nafasi moja. Fundi wa ndege aliyeketi nyuma ya marubani wa KLM aliuliza kama yule Pan Am hajatoka njiani. Kapteni, mtu mkubwa mwenye heshima kubwa katika shirika lake, alimjibu kwa yakini kwamba ametoka. Fundi hakuuliza tena. Muda mfupi baadaye ndege hizo ziligongana, wakafa watu 583. Walionusurika walikuwa 61, wote wa Pan Am. Mpaka leo, katika ajali za ndege, hakuna iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Sababu zake zilikuwa nyingi, na ukungu ni mmojawapo. Hata hivyo, dunia ilijifunza jambo kubwa kuhusu maneno. Neno la Kiingereza la kupaa limewekwa kama wakfu: halitamkwi redioni ila pale kibali chenyewe kinapotolewa au kinapofutwa, na wakati mwingine wowote husemwa "kuondoka". Na lile "okei" halikubaliki tena kuwa jibu la agizo. Kadhalika marubani wadogo walianza kufunzwa kuwa wana wajibu wa kumwuliza kapteni mara ya pili na ya tatu, naye kapteni akafunzwa kupokea swali bila ya kuona amevunjiwa heshima.

Kisa cha pili ni cha tarehe 25 Januari 1990, nacho chahusu haya ya namna nyingine. Ndege ya shirika la Avianca, Boeing 707, ilitoka Colombia kwenda New York ikiwa na watu 158. Huko hali ya hewa ilikuwa mbaya na foleni ya ndege ni ndefu. Ilizungushwa angani mara tatu, jumla ya zaidi ya saa nzima, na mafuta yakawa yanakwisha. Aliyekuwa akizungumza na mnara ni rubani msaidizi. Aliomba watangulizwe. Akasema kuwa mafuta yanawaishia. Kapteni wake alimwagiza awaambie kuwa wako katika dharura, lakini neno hilo la dharura halikutamkwa hewani hata mara moja. Waongozaji walimsikia mtu mpole anayeeleza shida ambayo ndege nyingi usiku ule zilikuwa nayo kwa kiasi fulani, wakampanga kama walivyowapanga wengine. Ndege ikajaribu kutua, ikashindwa, ikarudishwa tena kwenye mzunguko. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, ikaangukia Cove Neck, katika kisiwa cha Long Island, karibu na mji. Watu 73 walifariki.

Wasomaji wetu, wahenga wa pwani walisema mficha uchi hazai. Mtu yule hakuficha kabisa, alisema. Lakini alisema kwa kuzungukazunguka, na hatari isiyotajwa kwa jina lake haimshtui mtu.

Jina lenyewe lipo, na limekuwapo tangu zamani. Katika miaka ya 1920, afisa wa redio wa uwanja wa Croydon, London, aitwaye Frederick Mockford, alitakiwa atafute neno la kuombea msaada litakalofahamika kwa urahisi. Kwa kuwa ndege nyingi za pale zilikwenda na kutoka Paris, alichagua "meidei", ambalo kwa sikio ni kama neno la Kifaransa la kusema "nisaidieni". Mwaka 1927 likakubaliwa kimataifa. Husemwa mara tatu mfululizo, ili lisidhaniwe ni neno lililopita katika mazungumzo. Likisikika, wengine wote hunyamaza na kumwachia mwenye shida masafa. Leo aliyefikwa na upungufu wa mafuta wa kuhatarisha maisha husema meidei mara tatu na kulitaja neno mafuta. Kwa shida ya haraka isiyofikia kifo liko neno lake jingine, "panpan". Aidha yako masafa maalumu ya dharura, 121.5, ambayo ndege nyingi kubwa huwa zinayasikiliza kwa redio ya pili katika safari nzima, na waongozaji huyasikiliza pia.

Na iwapo redio yenyewe imekufa? Rubani aliyefunzwa hababaiki. Hutazama kwanza mambo madogo: sauti haikupunguzwa? Waya wa visikizi haukuchomoka? Kitufe hakikukwama? Namba ni ile aliyopewa? Akiona imeshindikana, huandika 7600 katika chombo kinachojibu rada, na waliopo chini hujua papo hapo kuwa huyu ameziba kinywa na masikio. Akifika uwanjani huutazama mnara, na mnara humwonyesha taa: kijani kisichokatika maana yake tua, chekundu kisichokatika maana yake wapishe wengine na uendelee kuzunguka. Hata bubu ameachiwa njia ya kusikizana.

Liko jambo moja zaidi linalowahusu watoto wetu wanaotamani kazi hii. Lugha ya redio katika safari za kimataifa ni Kiingereza, na tangu Machi 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka rubani na mwongozaji wa safari hizo wapimwe, wafikie daraja la nne kati ya sita. Mzazi asivunjike moyo. Kipimo hicho hakidai mtu aseme kama mzaliwa wa London, na lafudhi ya nyumbani haimwangushi mtu maadamu anafahamika. Kinachotazamwa zaidi ni kama aweza kuuliza, kueleza na kuthibitisha pale mambo yanapokwenda kombo na maneno ya kukariri yasipotosha.

Turudi jikoni. Mama wa binti yetu alisoma mpaka darasa la saba, na katika ndege hajapanda hata moja. Aliposikia kisa cha mwanawe hakusema mengi. Kesho yake asubuhi alivuta mbuzi, akaketi kukuna nazi, akamwambia binti amwandikie maagizo ya mnara kwenye karatasi. Ikawa mama ndiye mnara. Husoma agizo, futi kadhaa, geuka upande huu, badilisha masafa. Binti, mwiko mkononi mfano wa kipaza sauti, hurudisha. Ila mama alikuwa na hila yake. Kila alipofika kwenye tarakimu aliikuna nazi kwa nguvu, na tarakimu ikapotelea ndani ya ule mkwaruzo.

Siku ya kwanza binti alikisia. Akakosea, na mama akatikisa kichwa. Siku ya pili alikisia tena, akapatia, na mama akatikisa kichwa vile vile. "Umebahatisha," alimwambia. Siku ya tatu binti aliweka mwiko chini akacheka, kisha akaunyanyua akasema kwa sauti kavu, "Sema tena." Mama akamrudishia tarakimu, taratibu na kwa wazi, bila ya kunung'unika. Kwa siku zote zilizobakia za likizo hakukisia tena hata mara moja.

Juzi alipiga simu kutoka Nairobi. Alimwambia mamake kwamba katika safari moja ameuomba mnara urudie agizo mara mbili, na mara zote mbili ukarudia, na hakuna aliyemcheka.

Nasi tuna letu la kukiri. Kwa miaka mingi darasani kwetu tumekuwa na desturi ya kumaliza somo kwa kuuliza, "Mmefahamu?" Watoto hujibu kwa sauti moja, "Naam, Maalim!" Nasi hufunga kitabu tukaridhika. Sasa twatambua kuwa ile "naam" ilikuwa "roja" tu: maneno yamefika, basi. Juma lililopita tuliacha kuuliza hivyo. Tulimchagua mtoto mmoja tukamwomba aturudishie somo kwa maneno yake. Alinyamaza. Darasa likanyamaza pamoja naye. Kisha akasema polepole, akiwa ameinamisha macho, "Maalim, sijafahamu. Sema tena."

Tukasema tena, tangu mwanzo.